Waridi la Mizizi Wazi au Waridi la Kiriba? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Bustani wa Mwanza

Mtu anayetaka kupanda mawaridi katika bustani ya nyumbani Mwanza, iwe ni Isamilo, Nyegezi, Buswelu au ng'ambo ya ghuba kule Sengerema, hukutana na miche ya namna mbili. Ipo inayouzwa ikiwa na udongo wake ndani ya kiriba, ndoo au chungu, na ipo inayofika imefungwa kwenye gunia au nailoni, mizizi ikiwa imekung'utwa udongo wote. Majibu yafuatayo yanahusu namna ya kuchagua kati ya hizo mbili na namna ya kuufikisha mche uliochaguliwa kwenye maua. Yameandikwa kwa kuzingatia hali ya hewa ya ukanda wa ziwa, kwa sababu maelezo mengi yanayosambaa kuhusu mawaridi yametoka katika nchi zenye majira ya baridi, na yakifuatwa hapa kama yalivyo huua miche.

Mche wa mizizi wazi ni upi hasa, na unatofautianaje na wa kiriba?

Mche wa mizizi wazi umekuzwa ardhini, shambani, kisha ukang'olewa na kuuzwa bila udongo. Katika nchi za Ulaya na Marekani kazi hiyo huchukua takriban miaka miwili: shina la chini, yaani la waridi jingine litakalotoa mizizi, hupandwa, hubebeshwa kwa kuungwa jicho moja la waridi linalotakiwa, sehemu ya juu ya shina hilo hukatwa baridi inapokaribia kwisha, na jicho lile huachwa likue msimu mzima kabla mche haujang'olewa. Mche huo hufika ukiwa matawi matupu na mizizi mitupu, na kabla ya safari huwa umehifadhiwa katika chumba cha baridi ambacho joto lake halizidi sana nyuzi 0 za Selsiasi.

Mche wa kiriba umeoteshwa au umehamishiwa katika chombo chenye udongo, na hubaki humo ukikua hadi siku ya kuuzwa. Una majani, mara nyingi una maua, na mizizi yake haijui kwamba umenunuliwa. Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa: wa kiriba ukiuhamisha vizuri unaendelea na maisha yake, ilhali wa mizizi wazi unalazimika kuanza upya kutafuta maji ardhini.

Kwa bustani ya Mwanza, nichague upi?

Kwa wengi, chagua wa kiriba. Nasema hivyo bila kusita kwa mtu anayepanda waridi kwa mara ya kwanza, kwa mtu asiyeweza kuwepo nyumbani kumwagilia kila siku katika wiki tatu za mwanzo, na kwa mtu ambaye bustani yake iko kwenye mteremko wa mawe na mchanga unaopigwa na upepo wa ziwa mchana kutwa. Mche wa mizizi wazi unastahili kuchaguliwa pale tu masharti matatu yanapotimia kwa pamoja: uwe umetoka mahali ulipokuwa umelala kweli, yaani umepumzika bila majani kwa sababu ya baridi, uwe umesafiri kwa muda mfupi ukiwa na unyevu, na shimo liwe limekwisha kuandaliwa kabla haujafika. Sharti moja likikosekana, fedha uliyookoa kwa kununua mche wa bei nafuu huenda ukaitumia kununua mwingine.

Kwa nini watu wa nchi za baridi wanausifu sana mche wa mizizi wazi?

Wanausifu kwa haki, kwa sababu kwao mazingira yanausaidia. Baridi inapoingia, waridi hupukutisha majani na kupumzika. Utomvu hupungua mwendo, macho hufunga, na mizizi haihitaji maji mengi kwa kuwa hakuna majani ya kuyapoteza. Mche katika hali hiyo unaweza kung'olewa, kufungwa, kupelekwa mbali na kupandwa bila kudhurika. Kule Uingereza, kwa mfano, miche hiyo hupandwa kati ya Novemba na Machi, udongo ukiwa na unyevu na jua likiwa hafifu, hivyo mizizi hupata wiki nyingi za kujishika kabla majani hayajaanza kudai maji. Zaidi ya hayo, wakulima wao huuza aina nyingi zaidi kwa njia hii kuliko kwenye vyungu, mizigo ni myepesi, na mnunuzi anaiona mizizi yote kwa macho yake.

Mwanza iko kwenye takriban nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta, na uso wa ziwa uko karibu mita 1,135 juu ya usawa wa bahari. Hakuna mwezi ambao waridi hulala hapa. Mche uliokuwa ukichipua juzi, ukiung'oa leo, bado unataka maji ya kupitisha kwenye majani kila saa ya mchana, na umeupokonya vile vijizizi vyembamba kama uzi vinavyoyafyonza. Hata mche uliofika kutoka ng'ambo ukiwa umelala hauna muda wa kujipanga: ukitoka kwenye chumba cha baridi na kukutana na nyuzi 28 za mchana wa Mwanza, macho yake huanza kufumbuka baada ya siku chache, kabla mizizi haijatoa hata ncha moja nyeupe. Unachipua kwa kutumia akiba iliyo kwenye matawi, na akiba ikiisha kabla mizizi haijafika kwenye maji, machipukizi hayo hunyauka yote. Mtu huona mche "ulishika" kisha ukafa ghafla, akadhani ni ugonjwa. Kwa kweli mche haukuwa umeshika bado.

Waridi nililong'oa kwa jirani au kwa ndugu nalo ni la mizizi wazi?

Ndiyo, na hapa kwetu huenda ndiyo miche ya mizizi wazi iliyo mingi kuliko yote. Mama mdogo anakung'olea waridi lake kule Magu, analizungushia kitambaa, unapanda nalo gari. Mche huo haukuwa umelala, kwa hiyo unahitaji msaada zaidi ya ule uliotoka kwenye chumba cha baridi. Kata matawi ubakize kama theluthi moja ya urefu, ondoa majani yote au ubakize machache mno, ondoa kila ua na kila tumba, na usisikitike unapofanya hivyo. Kila jani unalolibakiza ni mdomo unaokunywa maji ambayo mizizi haiwezi kuyaleta.

Mara nyingi, hata hivyo, zawadi bora ya kuomba ni vipandikizi. Kata vipande vya tawi lililokwisha kutoa ua, vyenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 15 hadi 20, vichomeke kwenye viriba vyenye mchanga na mboji, viweke kivulini na udongo wake usikauke. Baada ya wiki sita hadi nane vingi vitakuwa vimetoa mizizi. Jirani atabaki na waridi lake, nawe utakuwa na mengi.

Nitautambuaje mche mzuri wa kiriba pale kwa muuzaji wa kando ya barabara?

Usianze na ua. Ua humvuta mnunuzi, na muuzaji analijua hilo, lakini mche dhaifu unaweza kutoa ua zuri kama kazi yake ya mwisho. Anza na udongo. Shika shina karibu na udongo kwa vidole viwili, ulivute juu taratibu sana. Mche uliokaa kwenye kiriba miezi kadhaa hutaka kuinuka na kiriba chake kizima, kwa sababu mizizi imeushika udongo. Mche uliong'olewa shambani na kutiwa kwenye kiriba wiki iliyopita huanza kuteleza kutoka kwenye udongo, na udongo hupasuka kuzunguka shina. Huo kwa kweli ni mche wa mizizi wazi uliovishwa kiriba, na unauzwa kwa bei ya wa kiriba. Usiununue, au ukiupenda mno mwombe muuzaji akuwekee kwa miezi miwili.

Dalili nyingine ya mche uliokwisha kuzoea chombo chake ni ukijani mwembamba juu ya udongo na vijizizi vinavyochungulia kwenye matundu ya chini. Vijizizi vichache vyeupe au vya rangi ya kahawia iliyofifia ni jambo jema. Lakini mzizi mnene uliotoboa kiriba na kuzama ardhini, ukaota hapo, ni hasara: utakatwa siku ya kuondoka, na mche utapata mshtuko ule ule wa kung'olewa. Utautambua kwa sababu kiriba kinakataa kunyanyuka kutoka chini.

Baada ya udongo, tazama shina. Tafuta matawi matatu au zaidi yanayoanzia chini, mabichi, yasiyo na mikunjo. Kisha geuza majani machache uone upande wa chini. Utando mwembamba na vidoa vya manjano ni utitiri mwekundu, ambao hupenda miche iliyokaa kwenye vumbi la barabara. Madoa meusi yenye kingo zilizochanika ni ugonjwa wa ukungu utakaousafirisha hadi kwako. Mche wenye majani yenye afya lakini hauna ua siku hiyo ndio ninaoupendekeza, mradi muuzaji anajua rangi yake kwa hakika.

Na mche wa mizizi wazi nao nitautambuaje?

Hapa mnunuzi ana nafasi nzuri kuliko wa kiriba, kwa kuwa hakuna kilichofichwa. Mizizi iwe minene kiasi, inayopinda bila kuvunjika, na ukikwaruza gome lake kwa ukucha uone weupe wenye unyevu. Mizizi iliyokauka hulia ikivunjwa, na iliyooza huteleza gome lake mkononi na kutoa harufu ya matope. Vinundu vidogo vingi kwenye mizizi myembamba ni alama ya minyoo fundo, ambayo hustawi sana katika udongo wetu wa kichanga na ikishaingia bustanini haitoki kwa urahisi. Uvimbe mgumu wenye mabaka, unaokaa pale shina linapokutana na mizizi, unasababishwa na bakteria. Hauna dawa ya kuuponya, na mche huo uchomwe moto. Usiutupe kwenye shimo la mboji.

Mche wa mizizi wazi umefika leo jioni. Nifanye nini?

Ufungue usiku huo huo. Loweka mizizi kwenye ndoo ya maji safi kwa saa zisizopungua mbili, na kama umesafiri kutwa nzima uache hadi asubuhi, lakini usizidishe saa 24 kwa sababu mizizi nayo inahitaji hewa. Asubuhi, kabla jua halijapanda, kata kwa mkasi mkali ncha zilizovunjika na matawi yaliyonyauka, kisha upeleke shimoni ukiwa bado ndani ya ndoo. Kuubeba mkononi huku mizizi ikipigwa na upepo, hata kwa dakika chache za kutafuta sepetu, kunakausha vile vijizizi vyembamba ulivyokesha ukivinywesha.

Shimo liwe na upana na kina cha sentimita 40 hadi 50. Chini yake tengeneza kichuguu kidogo cha udongo uliochanganywa na mboji, ukalishe mche juu yake, na mizizi uitandaze pande zote ikitazama chini. Mizizi mirefu kuliko shimo isikunjwe, panua shimo. Rudisha udongo nusu, mwaga maji, subiri yanywewe, shindilia kwa vidole wala usitumie kisigino, kisha jaza lililobaki na umwagilie tena hadi jumla ifike kama lita 10.

Baada ya hapo fanya jambo ambalo wengi huliruka. Rundika udongo mwepesi au makapi ya mpunga yenye unyevu kuzunguka matawi hadi nusu ya urefu wake. Lengo ni kuyakinga matawi yasikaushwe na jua na upepo kabla mizizi haijaamka. Machipukizi yakifikia urefu wa sentimita mbili au tatu, ondoa rundo hilo kidogo kidogo kwa kumwagilia maji juu yake, maana ukilichimbua kwa mkono utayavunja. Weka pia kivuli cha neti au matawi ya mti upande wa magharibi kwa wiki mbili au tatu. Usitie mbolea ya chumvichumvi wala samadi mbichi shimoni.

Wa kiriba nao una taratibu kama hizo?

Taratibu zake ni fupi. Mwagilia kiriba vizuri saa moja kabla, ili donge la udongo lisisambaratike. Kipasue kwa wembe kuanzia juu hadi chini na chini yake pia, ukiwa umekiegemeza ndani ya shimo, wala usivute mche kwa shina. Ukikuta mizizi imejizungusha na kufuata ukuta wa kiriba, ichanje kwa wembe mistari mitatu au minne ya wima. Isipokatwa itaendelea kuzunguka pale pale kwa miaka na mche hautajishika ardhini. Uso wa udongo wa kiriba ulingane na uso wa bustani. Nimeona miche mingi iliyopandwa na kiriba chake kikiwa kimetobolewa tu, kwa imani kwamba nailoni itaoza. Haiozi, na mche hudumaa.

Kiungo cha kubebesha (pale jicho lilipoungwa kwenye shina la chini) kiwe juu ya udongo au chini?

Juu, kwa kimo cha kidole kimoja au viwili hivi. Katika nchi zenye barafu hushauriwa kukifukia ili baridi isikiue, na ushauri huo umeandikwa kwenye karatasi za maelekezo zinazofuatana na miche ya ng'ambo. Kwetu hakuna barafu, na kiungo kilichofukiwa katika udongo wenye joto na unyevu huweza kuoza au kushambuliwa na mchwa. Kikiwa juu utaweza pia kuona machipukizi yanayotoka chini yake. Hayo ni ya shina la chini, na yasipoondolewa huumeza mche mzima: utajikuta una kichaka chenye nguvu na vijiua vidogo ambavyo hukuvinunua. Yang'oe kwa kuyavuta pale yanapoanzia, kwani ukiyakata juu juu yatarudi yakiwa mawili.

Mche uliotokana na kipandikizi hauna kiungo, na kila chipukizi lake ni waridi lile lile. Kwa mtu asiye na muda wa kukagua, hiyo ni faida kubwa. Kwa upande mwingine, mche uliobebeshwa huwa na nguvu zaidi pale shina la chini linapofaa udongo wa mahali. Shina linaloitwa Natal Briar hutumika sana kwenye mashamba ya maua ya Afrika Mashariki, na lile la fortuneana limejulikana kwa kuvumilia mchanga na minyoo fundo katika jimbo la Florida, Marekani. Ukipata muuzaji anayejua shina alilobebeshea, mshike.

Udongo wa kwangu ni mchanga wa mawe. Je, unabadilisha uchaguzi?

Unaubadilisha sana. Vilima vya Mwanza ni vya mawe ya matale, na yakimomonyoka hutoa udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni. Unalimika kwa urahisi, mizizi hupumua vizuri, lakini maji hupita kana kwamba umemwaga kwenye ungo. Mche wa mizizi wazi uliopandwa kwenye luseni bila mboji ya kutosha huhitaji maji asubuhi na jioni, na siku moja ya kusahau inatosha kuuua. Hapo mche wa kiriba, ambao umekuja na donge lake linaloshika maji, una nafasi kubwa zaidi.

Changanya kwenye shimo ndoo moja ya mboji iliyoiva kwa kila ndoo mbili za udongo. Ukanda huu hauna upungufu wa malighafi ya mboji: makapi ya mpunga yamejaa kwenye mashine za kukoboa, mashudu ya pamba hupatikana, na magugu maji yanayokusanywa ufukweni huoza haraka yakianikwa kwanza na kuchanganywa na samadi. Hakikisha tu kwamba magugu hayo unayarundika mbali na maji, kipande kisije kikarudi ziwani.

Walio chini, kwenye udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi na kunata masika, wana tatizo la kinyume. Huko panda kwenye tuta lililoinuliwa sentimita 30, kwa sababu waridi halivumilii mizizi kukaa majini, na mizizi mipya ya mche uliokung'utwa udongo huoza haraka kuliko ile iliyokwisha kukomaa ndani ya kiriba. Na kwa wale waliopakana na ziwa lenyewe, ikumbukwe kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na kwamba dawa unayonyunyiza kwenye mteremko wa juu itafika majini mvua ya kwanza ikinyesha.

Nipande mwezi gani?

Mche wa kiriba waweza kupandwa mwezi wowote mradi una maji, ingawa mwanzo wa vuli, Oktoba kuelekea Novemba, na mwanzo wa masika mwezi Machi ndizo nyakati zenye unafuu. Kwa wa mizizi wazi, tarehe haiko mikononi mwako peke yako. Inategemea mche ulilala wapi. Miche ya nchi za kaskazini hung'olewa kati ya Novemba na Machi, kwa hiyo ile ya mwisho wa msimu wao huweza kukutana na mwanzo wa masika yetu, na huo ndio mpangilio bora kuliko yote. Ikifika Januari au Februari, katikati ya misimu miwili, hukuta jua kali na utalazimika kumwagilia. Miche ya kusini mwa Afrika hulala Juni hadi Agosti, na kufika kwake huangukia kiangazi chetu kikavu, upepo ukiwa mkali na vumbi jingi. Huo sishauri kuupanda moja kwa moja ardhini; utie kwanza kwenye kiriba kikubwa au ndoo, uuweke kivulini, uuhamishe vuli ikianza.

Ninaruhusiwa kuagiza miche kutoka nje ya nchi?

Unaruhusiwa kwa utaratibu. Unahitaji kibali cha kuingiza mimea kinachotolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao makuu Arusha, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi mche unakotoka, na mzigo hukaguliwa unapoingia. Fuatilia kibali kabla ya kulipia mche. Miche inayovuka mipaka kwa kawaida husafirishwa mizizi wazi kwa sababu udongo hubeba minyoo, wadudu na magonjwa, na hakuna nchi inayopenda kupokea udongo wa wengine. Kwa hiyo anayetaka aina isiyopatikana Tanzania huwa hana uchaguzi. Anachoweza ni kuuandalia mche wake mapokezi mazuri. Kuficha vijiti kwenye begi ni kuhatarisha bustani za watu wote wanaokuzunguka, na ninaliomba kwa dhati jambo hilo liachwe.

Aina ipi ya waridi inafaa zaidi?

Chagua zinazochanua mara kwa mara na zinazostahimili madoa meusi. Aina za kale za Ulaya zinazochanua mara moja tu kwa mwaka huhitaji baridi ili kutengeneza maua, na hapa zitakupa majani tu, hata ukiuziwa mche bora kiasi gani. Waridi jeupe liitwalo Iceberg, lililotolewa Ujerumani mwaka 1958, limesambaa katika nchi nyingi zenye joto, na mawaridi yenye asili ya China nayo hayadai baridi. Miche inayotoka kwenye mashamba ya maua ya kuuza nje, kama yale ya Arusha na Naivasha, iangaliwe kwa uangalifu: mingi ilizalishwa kwa ajili ya kukuzwa ndani ya nyumba za plastiki, yenye shina refu na ua moja, na katika unyevu wa kando ya ziwa huugua upesi. Tarajia pia kwamba ua lile lile litakuwa dogo kidogo na litafunguka haraka zaidi hapa kuliko katika baridi ya Naivasha.

Nimepanda wa mizizi wazi, wiki tatu zimepita na hakuna kitu. Umekufa?

Kwaruza gome la tawi kwa ukucha, ukianzia juu. Ukikuta rangi ya kahawia na ukavu, shuka chini sentimita chache ukwaruze tena. Ukikuta kijani chenye unyevu popote juu ya kiungo, mche uko hai. Kata sehemu iliyokufa hadi kwenye jicho lililo hai, endelea kumwagilia na usiuchimbue kutazama mizizi. Kama kahawia inafika hadi kwenye kiungo, ung'oe na uchunguze kama mchwa wameingia. Mchwa hupenda mizizi iliyokufa na matandazo makavu, hivyo acha nafasi ya kiganja kimoja kati ya matandazo na shina.

Baada ya kupanda, nitegemee maua lini?

Mche wa kiriba uliokuja na matumba huweza kuendelea kuchanua, lakini ningeyakata maua ya mwezi wa kwanza ili nguvu iende kwenye mizizi. Wa mizizi wazi ukishashika huchukua takriban miezi miwili hadi mitatu kutoa ua la kwanza, na ua hilo huwa dogo. Maua ya pili na ya tatu ndiyo yatakayoonyesha sura yake halisi. Anza kutia samadi iliyoiva au kijiko kimoja cha chakula cha mbolea ya NPK mara tu duru ya kwanza ya maua itakapokwisha, ardhi ikiwa na unyevu, na uiweke mbali na shina. Maji mwagilia chini, asubuhi, kwani majani yakilala na umande na maji ya ndoo juu yake kwa saa saba hivi, ukungu wa madoa meusi unapata muda wote unaouhitaji kuingia.

Mwaka wa pili, mwishoni mwa Agosti, pogoa mche kwa theluthi moja na uondoe matawi yaliyokufa. Machipukizi yatakutana na mvua za vuli, na kuanzia kupogoa hadi maua hupita wiki sita hadi nane. Ukifika hapo, mche uliotoka kwenye kiriba na ule uliofika mizizi ikiwa wazi hutaweza tena kuitofautisha kwa macho, isipokuwa kama uliandika kibao.